Sista Kidole Aweka Sindano Chini

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Sista Kidole, muuguzi mkuu wa wodi ya saratani ya mlango wa kizazi, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Hakuna mtu katika jengo hili ambaye hajatobolewa kidole naye, akiwemo fundi wa lifti, aliyekuja kutengeneza lifti.

Alipohamia kwetu kutoka wodi ya wazazi, alikuta sukari ikipimwa siku mgonjwa anapolazwa, basi. Akaagiza ipimwe kila asubuhi kabla ya mionzi. Hoja yake ilikuwa fupi: sukari ikipanda, vidonda havikauki, tiba inasimama, na saratani haina likizo. Daktari bingwa alimwambia anajisumbua bure. Akatobolewa kidole. Tangu siku hiyo daktari anakunywa chai isiyo na sukari, na kauli ile hajairudia.

Mlangoni alikagua mifuko ya wageni. Shemeji wa mgonjwa mmoja alilalamika kwamba hii si wodi, ni forodha. Sista alikubaliana naye, kisha akaizuia soda aliyomletea mgonjwa.

Miaka tisa iliyopita tulimlaza fundi cherehani, mama wa watoto watatu. Wiki ya tatu vidonda viligoma kupona, homa ikapanda, mionzi ikasimamishwa. Faili lilionyesha sukari nzuri, tarakimu ile ile, siku kumi na mbili mfululizo. Sista alisoma, akasema damu ya binadamu haina msimamo kiasi hicho. Akapima mwenyewe: ilikuwa mara tatu ya ile iliyoandikwa. Aliyekuwa akinakili kipimo cha jana bila kumgusa mgonjwa ni mwandishi wa wasifu huu. Aliona aibu, na bado anaiona.

Sista hakumpigia kelele. Alimkabidhi mashine ya kupimia sukari, akaenda naye hadi kitandani na kumtuma akamweleze mgonjwa ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja: kama atamwona kitinda mimba wake akimaliza shule. Sista alisema hilo hawezi kuliahidi, ila sukari itapimwa mara nne kwa siku, na atakayepima ni huyu huyu. Ikapimwa. Insulini ikaanza, homa ikashuka, na siku ya kumi fundi akarudi kwenye mionzi hadi akamaliza dozi.

Jumatatu iliyopita fundi alikuja kumpima Sista gauni la kuagwa, akiwa na kitinda mimba wake, aliyemaliza shule mwaka huu na ambaye ni mrefu kuliko mlango wa stoo yetu. Kabla hajakunjua tepu, fundi alinyoosha kidole bila kuombwa. Mwandishi alimtoboa. Tano nukta nane, sukari ya kawaida. Imeandikwa, na ni ya siku hiyo hiyo.

Sista, tunakushukuru kwa moyo wote. Uishi miaka mingi yenye afya, na ulale mpaka utakapochoka kulala. Kesho asubuhi tutawapima wagonjwa wote, mmoja mmoja.