Taa za Silima Pandu

Assalaam alaykum, jamaa na majirani. Familia imenituma mimi Anuar, mdogo wa marehemu, nisome haya kwa upole, nami nitajitahidi.

Silima Pandu Mkadam, tuliyetoka kumzika sasa hivi, alizaliwa Tumbatu tarehe 14 Machi 1958, akasoma huko na mjini, na mwaka 1985 akapelekwa Ujerumani kusomea usafishaji wa maji machafu, akarudi Juni 1989. Tarehe 2 Februari 1991 alimuoa Bi Shemsa, wakajaaliwa Wafaa na Bashira, wakahamia hapa Mtoni, nyumba yenye kisima.

Mwaka 1997 ilijengwa hoteli huko juu yetu, marehemu akawa fundi wa maji machafu yake. Kazi yenyewe ni kwamba maji hutuama kwanza, yakitakata hutiwa dawa na kupitishwa kwenye taa za miale mikali, na dawa ikipigwa na miale ile huunguza hata sumu ambayo chujio haliishiki. Basi bwana mkubwa wa hoteli akalifukia tangi la kutuamishia, apate uwanja wa tenisi, akasema taa zikiwaka inatosha, na wageni akawaonyesha taa kama biharusi. Mwanga haupenyi tope, hata mtoto wa chuoni anajua. Vioo vya taa vikaota utando, marehemu akawa anavisugua kwa ndimu hadi vidole vikamchubuka, akirudi nyumbani hawezi kula kwa kinyaa. Alimwambia bwana yule kuwa anachomwaga huku chini kwetu ni kinyesi kilichomulikwa, akafukuzwa tarehe 9 Septemba 2001.

Kisima cha marehemu hapa nyumbani kikaanza kunuka. Akaita wakaguzi, wakaja, wakala pilau hotelini, wakaziona taa zinawaka, wakaondoka wanachokonoa meno. Inatia kichefuchefu, na sioni haya kulisema siku ya maziko yake.

Homa ya matumbo ilimshika Januari 2004, ikamrudia mara kwa mara, akafariki jana, tarehe 17 Aprili. Tunawashukuru madaktari, majirani, na wafanyakazi wenzake wa hoteli waliokuja leo kwa kujiiba. Tunawashukuru zaidi vijana waliokwenda Kidichi alfajiri na madumu, kwa sababu wakoshaji wa maiti waliteka maji kisimani kwake wakayamwaga, kwani maji yaliyogeuka harufu kwa najisi hayamtwahirishi maiti.

Mola akupumzishe pema, Silima. Sisi jioni hii tutateka maji ya kunywa kutoka kisima kile kile.