Ephantus Ngatia, Aliyezichorea Kuta za Madarasa Yetu

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1988, Bwana Ephantus Ngatia Kihara, ambaye sote tunamwita Mwalimu, ataosha brashi zake kwa mara ya mwisho katika Kituo chetu cha Vifaa vya Kufundishia hapa Nyeri. Ametumika miaka ishirini na minne, tangu kituo kilipokuwa chumba kimoja chenye mabati yaliyovuja. Wengi wetu tulipoajiriwa tulimkuta tayari amezoea kuhamisha meza yake kila mawingu yanapotanda.

Kama ulisoma shule ya msingi popote kati ya Endarasha na Sagana, unaijua kazi yake hata kama hujawahi kulisikia jina lake. Chati ya mmea wa mahindi ni yake. Mbu mkubwa aliyetutisha sote ni wake. Ng'ombe wa maziwa naye ni wake kwa kila maana, kwa sababu alifugwa nyumbani kwake Tetu, na pembe yake ya kushoto ilikuwa imepinda ikielekea jichoni. Mkuu wa kituo wa wakati huo aliomba pembe hiyo inyooshwe kwenye picha. Ngatia alimjibu kwa upole kwamba angejaribu kuinyoosha kwanza kwa ng'ombe mwenyewe, na ikikubali ataichora hivyo. Pembe ikabaki ilivyo.

Alizaliwa mwaka wa 1933 na hakuna aliyemfundisha kuchora. Ujana wake aliupitisha akiandika vibao vya maduka, mahoteli na vinyozi. Kinyozi mmoja wa Endarasha alimwagiza kichwa cha mwanamume aliyenyolewa vizuri, na Ngatia, kwa kukosa mfano, akamchora mzee aliyekuwa akinywa chai ng'ambo ya barabara. Kumbe alikuwa chifu. Chifu alikuja pale amekunja uso, akakitazama kile kibao kwa muda, kisha akauliza kama angeweza kuongezewa nywele kidogo pale mbele.

Alipoajiriwa hapa mwaka wa 1964, shule zilikuwa zinafunguliwa haraka kuliko vitabu vilivyoweza kufika. Chati moja ilifundisha darasa zima. Alizichora kwa mkono mpaka tulipopata mitambo ya kuzichapa, na alipohitaji watu wa kuchora aliwachukua walio karibu naye. Chati iitwayo "Familia" ni mkewe Ngendo na mwanawe wa kwanza, Kihara. Ngendo hakuulizwa. Alijigundua mwenyewe katika shule ya jirani, amefunga kilemba cha kuendea shamba, na inasemekana chakula cha jioni hakikupikwa siku hiyo. Chati ilipochapwa upya, mama wa familia alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vyenye visigino.

Lakini Ngatia tunayemuaga hawezi kuelezwa bila bintiye Kagure, na mwenyewe ameturuhusu tulieleze hili.

Kagure alikuwa na miaka miwili alipougua homa ya uti wa mgongo. Alipona, ila masikio hayakupona. Siku hizo watu wengi hawakujua la kufanya na mtoto kiziwi, na wapo waliomshauri baba yake amzoeze kuchunga mbuzi tu. Ngatia alianza kumchorea. Kila jioni, akishatoka hapa kuchora kwa ajili ya wilaya nzima, alikaa na mtoto mmoja na kipande cha makaa. Alichora mvua, ndoo, shangazi aliyekuwa anakuja kesho, meno yaliyohitaji kusuguliwa. Ukuta wa jikoni ulijaa. Ngendo aliupaka chokaa kila Jumamosi, na Jumatatu ukawa umejaa tena. Kagure akaanza kujibu kwa makaa hayo hayo.

Alipofika miaka minane alipata nafasi katika shule ya viziwi iliyokuwa mbali na nyumbani. Ngendo hakutaka aende. Ngatia alitaka, na ndiye aliyemshawishi mkewe. Ndiyo maana kilichotokea mwaka wa 1974 kilimwangukia yeye kwa uzito wote.

Shule zilikuwa zimefungwa mwezi wa Agosti. Watoto walisafiri kwa basi na mama mlezi, na wale wa kuja Nyeri walikuwa wabadilishe gari pale Sagana. Palikuwa na msongamano, mizigo inateremshwa, gari la Embu linapiga honi, na mama mlezi aliamini amewahesabu wote. Basi la Nyeri lilipoingia stendi, Ngatia alisimama mlangoni mpaka abiria wa mwisho akashuka. Kagure hakuwamo. Hakuweza kusikia akiitwa, hakuweza kutamka jina lake, na kusoma alikuwa ndiyo kwanza anaanza.

Alirudi hapa ofisini, maana ndipo palipokuwa na simu. Moffat, dereva wetu wa siku hizo, alimwekea kiti karibu na simu. Bi Warigia wa simu alipiga kila kituo cha polisi alichokikumbuka kwenye barabara hiyo. Ngatia alisema neno moja tu mchana huo wote, akimwambia Moffat: "Mimi ndiye nilisema aende shule."

Kule Sagana, Konstebo Dishon, ambaye hakuwa zamu siku hiyo, alikuwa amemkuta msichana amesimama peke yake karibu na wauza ndizi, halii, anatazama kila gari. Alimuuliza kwa Kiswahili, kisha kwa Kikuyu kidogo alichokijua, naye ni mtu wa Kakamega. Msichana aligusa masikio yake akatikisa kichwa. Dishon alimpeleka nyumbani kwake, kwenye nyumba za polisi, kwa mkewe Nasirumbi aliyekuwa mwalimu wa darasa la pili. Nasirumbi alimpa uji. Msichana alipoona kalamu juu ya meza, aliuacha uji akaomba karatasi kwa mikono.

Akachora mwanamume mrefu ameshika brashi. Mbele yake akachora karatasi kubwa iliyotundikwa ukutani, na ndani ya karatasi hiyo akachora ng'ombe mwenye pembe iliyopinda.

Nasirumbi aliitazama, akamwita mumewe. "Huyu ng'ombe mimi namjua," alisema. "Ako kwa ukuta wa darasa langu."

Walifungua darasa papo hapo, ingawa ilikuwa likizo, wakasoma anwani na namba ya simu ya kituo chetu chini ya chati, na simu ikalia hapa Bi Warigia akiwa ndiyo kwanza ameuweka chini mkono wa simu. Hakumaliza kusikiliza. Aligeuka akasema, "Mwalimu, ako Sagana. Ako na mwalimu mwenzetu, anakula." Ngatia alikuwa tayari mlangoni. Moffat alichukua funguo, wakaondoka na Landrova ya kituo, na hakuna mkubwa aliyeuliza mafuta yalikwenda wapi. Jua lilikuwa halijazama walipofika. Kagure alikimbia akampiga baba yake kifuani kwa ngumi mbili, kwa kuchelewa, kisha akamkumbatia.

Wiki iliyofuata Ngendo alisema mtoto harudi shule. Kagure ndiye aliyejibu. Alichora shule, akajichora ndani yake, akaibandika picha mlangoni.

Basi alirudi. Kuanzia muhula huo baba yake alimpeleka na kumchukua mwenyewe, kwa siku zake za likizo. Ndiyo sababu hakuna anayekumbuka Ngatia akiwa likizoni kwa kupumzika. Alimtengenezea kila mtoto wa shule ile kadi ya kuvaa shingoni, yenye picha ya nyumbani kwao na jina la mji. Mwaka wa 1977 alipewa cheo Nairobi, akashukuru, akabaki. Ngendo naye alijifunza lugha ya ishara ukubwani, na kwa sasa anaizungumza kwa kasi kumshinda mumewe.

Leo Kagure anapanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapishaji kule Karatina, na Desemba iliyopita aliolewa. Kihara ni daktari wa mifugo. Ngatia anasema kwamba kwa mara ya kwanza tangu homa ile analala bila kuwaza kesho ya mtoto wake, na ukimtazama unaona mabega yameshuka.

Ijumaa iliyopita tulimwandalia chai. Kagure alisimama kuzungumza kwa mikono, na baba yake akawa mkalimani. "Watu husema baba yangu ni mtu wa maneno machache," alitafsiri, nasi tukacheka kwa kuwa ni kweli. Kagure akaendelea. Ngatia alifungua mdomo, akafunga, akatazama dirishani. Ndipo Ngendo akainuka kitini na kututafsiria yeye.

"Anasema, mimi aliniambia kila kitu."

Asante, Mwalimu Ngatia. Nenda salama Tetu, upumzike na Mama Kihara, na Mungu awape miaka mirefu yenye afya na utulivu.

Wangechi Gatimu, Masjala