Mwizi wa Kitalu cha Myeongi

Kijiwe chetu ni kitanda kipana cha mbao mbele ya duka la Mama Deok-su, pale ngazi za mtaa wa Dolgae zinapomaliza watu pumzi wakakaa bila kukaribishwa. Kahawa ni ya pakiti, sukari na maziwa vimo humo humo, na tunaikoroga kwa pakiti yenyewe kwa sababu Mama Deok-su hatoi vijiko kwa watu wasionunua kitu. Mimi wananiita Mkasi. Wao wanasema ni ulimi wangu. Mimi nasema ni kwa vile nimekata vichwa vya dagaa bandarini maisha yangu yote. Asubuhi ile ya mwisho wa Aprili hakuna aliyetulia. Mtu anakaa, anainuka, anachungulia mlimani, anarudi kuuliza kikombe chake kimeenda wapi, kumbe amekishika.

Tatizo lilikuwa bustani. Nyuma ya duka, huko juu mlimani, mahali palipokuwa jalala la friji mbovu na nyavu zilizooza, watu wa mtaa tumetengeneza bustani ya mimea ya huku kwetu, kila mmea na kibao chake. Sasa tulikuwa tunaomba mteremko wa jirani uongezwe kwenye bustani. Watu wa magorofa mapya wanautaka huo huo uwe maegesho ya magari. Yakiwa maegesho, barabara ya kuingilia itapita katikati ya duka la Mama Deok-su, hapa hapa tulipoweka makalio. Ikiwa bustani, lango litakuwa ubavuni pake na wageni watanunua maji na biskuti kwake mpaka azeeke zaidi ya alivyozeeka.

Kamati ya jiji ilikuwa inakuja kesho yake. Ilitaka vitu viwili. Kwanza, sahihi za wakazi, na wa magorofani wawemo, maana nao ni wakazi tupende tusipende. Pili, tuonyeshe tuna nini ambacho bustani nyingine za pwani hii hazina. Tulichokuwa nacho ni myeongi, kitunguu saumu cha mlimani chenye jani pana. Mbegu zake zilitoka kisiwa cha Ulleung, kwa upande wa marehemu mume wa Mama Deok-su. Huo si mmea wa watu wenye haraka. Unaupanda, unausahau, unazika watu wawili watatu, ndipo unakupa majani mawili.

Basi Redio alipanda alfajiri kupalilia ili kitalu kipendeze, akashuka mbio na jembe begani. Kitalu kilikuwa kitupu. Vibao vipo, majani hakuna. Huyu jina lake ni Mama Geum-ran, lakini habari kwake hufika kabla hazijatokea, kwa hiyo ni Redio. Alipotusimulia mara ya tatu, mwizi alikuwa ameshapata urefu, kofia na gari.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa Nahodha. Huyo ni Mzee Pyo, aliyekuwa mpishi kwenye meli ya ngisi na hajawahi kushika usukani hata wa baiskeli, ila ukimwita mpishi hanywi kahawa siku nzima. Akasema ni paa, wanaoshuka usiku kula bustani za watu.

— Paa anakata kama mkasi? — nikamuuliza. Redio alikuwa ametuonyesha shina moja. Lilikatwa safi, kwa kucha au kisu.

— Paa wa siku hizi, dada Mkasi, usiwadharau.

Meya akacheka kwa pua. Huyo ni Mzee Tak, aliyegombea uwakilishi wa mtaa mara mbili na kushindwa mara mbili, mara ya pili na mtu aliyekuwa amelazwa hospitali. Ndiye aliyeandika kile kibao cha USICHUME pale kitaluni. Yeye alisema hii ni siasa. Mwenyekiti wa magorofa ametuma watu waje kufuta ushahidi ili kamati ikute udongo. Redio akakubali, ila akasema watu hao walikodishwa kupitia hoteli ya nyama ya nguruwe kule gatini, maana nyama bila jani la myeongi wateja wanarudi nyumbani, na gari lao jeupe lilionekana chini ya ngazi. Alipobanwa nani aliliona, akasema lilionekana.

Hapo Nahodha akaona paa wake wanapitwa, akaachana nao. Akatuambia majani hayo yanafungwa kwenye maboksi ya ngisi na kuvushwa bahari, na kwamba enzi zake melini aliona maboksi mengi asiyoyaelewa. Meya naye akapanda juu zaidi. Kamati yenyewe ilishakuja, akasema, juzi, imevaa nguo za wapanda mlima, zile za rangi za kuumiza macho, ikachuma kila kitu, na kesho itakuja kutuuliza mmea uko wapi kwa uso mkavu.

— Na ndiyo maana ulishindwa uchaguzi — nikamwambia. — Unawapa wenzako akili nyingi mno.

Mama Deok-su alisimama mlangoni pa duka. Alikuwa anafuta mtungi uliokwisha kufutwa. Mwanawe anamtaka aende akaishi naye mjini Daegu, kwenye chumba cha pili kutoka chooni, naye amekuwa akimjibu kwamba duka bado lipo. Hilo ndilo jibu lake lote, na kesho lingeweza kuisha. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya matonge madogo ya wali, kila tonge limefungwa kwenye jani lililolowekwa kwa soya na siki. Mtu mwenye wasiwasi hulisha wengine. Tukala. Njaa haikuhusika na kamati.

Redio, huku anatafuna, akaja na dawa. Uani kwake kuna lile ua jeupe la vikengele vidogo, majani yake yanafanana kabisa na ya myeongi. Tukayahamishie kitaluni usiku, kamati ipige picha, iondoke.

— Hilo ni sumu, limezika watu waliolichanganya kwenye sahani — nikasema. — Mjumbe mmoja akionja, hatutapewa mteremko, tutapewa jela.

— Nani atawaambia waonje?

— Wazee wote huonja. Hebu jitazame.

Akaacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea.

Tukiwa hapo tukaona mwanamke anapanda ngazi kutoka upande wa magorofa. Wanne tuligeuza vichwa kwa pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu mazishi ya mwisho. Alikuwa mtu wa makamo, viatu vya ndani miguuni kana kwamba ameamua kutoka kabla hajajishauri. Akainama, akasalimu, akasema anaitwa Noh Se-ryeong, wa jengo la pili. Roshani yake inatazama bustani yetu. Wanawake wa jengo lake wamechoka kubishana juu ya magari, wakamtuma aje aone huo mmea unaosemwa. Kama upo kweli, atatia sahihi, nao watafuata wote.

Nilimwona Mama Deok-su akishika ukingo wa mlango. Kutoka magorofani hatukuwa na sahihi hata moja. Huyu alikuwa jengo zima limevaa viatu vya ndani.

Meya akawahi kusimama. Akamweleza kwa maneno ya kampeni kwamba mmea ulikuwepo, upo kiroho, ila usiku umeibwa na watu wasioutakia mema umma. Mgeni akamwangalia vizuri.

— Umeibwa wote?

— Wote, mwanangu. Wamekwangua — akasema Redio. — Watu hawana haya.

Mama Deok-su akamkalisha, akampa kahawa, pakiti ya mwisho kwenye boksi, nilimwona akilikunjakunja. Karatasi ya sahihi akaiweka mbele yake, na kalamu juu. Halafu, kwa kuwa hajui kumpokea mtu bila kumlisha, akamsogezea sahani. Yule mama akachukua tonge, akala, akafumba macho.

— Tamu sana, mama. Ni majani gani haya?

— Myeongi — akasema Mama Deok-su, kwa fahari, kabla neno halijamfikia mwenyewe masikioni.

Mgeni akageuza kichwa taratibu kuelekea mlimani, kisha akarudisha kwenye sahani. Hakuuliza. Hakuhitaji. Mama Deok-su uso ulimbadilika kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

— Si ya bustani — akasema. — Ni zawadi. Watu waliniletea tu, vifungu vidogo vidogo, wakijua nina mawazo. Mimi mlimani sijapanda tangu theluji. Nimwulize mtu kanunua wapi kama askari wa forodha? Nikaloweka vyote kwenye mtungi mmoja.

Akatutazama. Sijui kama umewahi kutazamwa na mtu ambaye amekukopesha chumvi maisha yake yote.

Nahodha alikuwa wa kwanza, na alisema bila aibu, kwa sababu hakuona aibu iko wapi.

— Mimi nilikuletea, ndiyo. Nilipanda nikasema huyu mama ni wa kuungwa mkono. Lakini nilichuma kama alivyonifundisha bibi yangu. Jani moja, naacha moja. Mmea unaendelea kupumua. Huo si wizi.

— Nani amesema wizi? — akadakia Redio. — Hata mimi. Jani moja, ninaacha moja. Kila mtu aliyelelewa anajua hivyo. Nilipoondoka kitalu kilikuwa kizuri tu.

— Na kibao? — nikamuuliza.

— Kibao ni cha wageni. Halafu kaandika Meya.

Meya akakohoa. Akasema yeye, kama mwandishi wa kibao, alikuwa na haki ya kukifasiri. Alichuma jani moja kila shina kwa ajili ya Mama Deok-su, akaacha moja, na alifanya hivyo mchana kweupe. Kisha wakaanza kutajana. Mama wa nyumba ya paa la buluu naye alileta kifungu. Fundi wa mabomba naye. Mchungaji wa kanisa la ngazi ya chini alileta kwenye mfuko wa Biblia. Kila aliyetajwa ni mtu wa adabu, kila mmoja aliweka sahihi kwenye ile karatasi, wengine wamebonyeza kidole chenye wino mwekundu hadi kikachafua jina la jirani. Mtaa mzima ulikuwa umemuunga mkono Mama Deok-su kwa mikono miwili, mmoja wa kusaini na mmoja wa kuchuma.

Mgeni akanigeukia mimi, labda kwa vile sikuwa nimetajwa.

— Mimi sikuchuma — nikasema. — Magoti yangu hayafiki huko. Nilikula tu, na nilikula vya kutosha. Usinichanganye na hawa.

— Harufu hukuijua, dada? — Nahodha akaniuliza, kwa ubaya.

Nilikuwa naijua. Pua yangu bado inafanya kazi kuliko yake. Lakini nilifikiri majani ni ya Nahodha peke yake, na jani moja la kila shina halimwui mtu. Nikamwambia anywe kahawa yake. Akaangalia kikombe, kilikuwa kitupu. Vyote vilikuwa vitupu.

Se-ryeong alikuwa bado ameshika kalamu. Hakuwa amekasirika, na hilo lilitutia wasiwasi zaidi. Alikuwa anafikiri kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

— Kwa hiyo mmea una majani mawili — akasema.

— Mawili — akajibu Nahodha. — Mwaka mzuri, matatu.

— Na ninyi wote, kila mmoja, alichukua moja na kuacha moja.

— Wote — akasema Meya. — Hilo naweza kulisema mbele ya kamati.

— Sasa nani alichukua la pili?

Nahodha akahesabu kwa vidole. Akaanza upya. Redio akamtazama Meya, Meya akatazama magorofa kana kwamba mwenyekiti wao angetokea dirishani kuungama. Mimi nilitafuta neno la kumkata mtu, maana huwa sikosi, na nilikosa. Upepo ukapanda kutoka bandarini ukatingisha ile karatasi ya majina, Mama Deok-su akaizuia kwa kiganja.

— Andika ni mimi — akasema. — Mtungi wangu, sahani yangu. Kesho nitawaambia hivyo hivyo. Vitunguu vyenyewe bado viko chini, nitawachimbia kimoja wakione. Wakitaka kukasirika wanikasirikie mimi.

— Sikuuliza sahani ni ya nani, mama.

Alisema kwa upole. Akaiweka kalamu juu ya karatasi, sawasawa, hakuitupa. Akasema hana haraka, wenzake wanasubiri jibu nyumbani, naye atasubiri hapa. Akakunja miguu juu ya kitanda kama mtu wa Dolgae.

Tukakaa. Hakuna aliyeinuka kuchungulia tena. Kumwomba Mama Deok-su kahawa nyingine hakuna aliyethubutu, na isitoshe boksi lilikuwa limekunjwa tayari. Katikati yetu ilikuwa sahani, na kwenye sahani limebaki tonge moja, na jani lake moja. Nahodha alilisogeza kwa Redio. Redio akalisogeza kwa Meya. Meya akalirudisha katikati, akasema kula wewe, dada Mkasi, nami nikasema nimeshiba. Hapo ndipo kila mtu alipopata adabu.