Ngoma Imfuate Mchezaji

Zimeni hiyo televisheni kwanza. Sitaki kufa huku nabishana na kelele za watu wasionijua. Migdalia, binti yangu, sogeza pazia nione mwanga, kisha keti, maana miguu imekuvimba kwa kunihangaikia. Yarelis, mjukuu wangu, shika simu yako unirekodi, kwa sababu mjomba wako ana kawaida ya kusahau yale yasiyompendeza. Na wewe Eladio, mwanangu, usisimame mlangoni kama polisi. Ingia. Jana uliingia chumbani humu na makaratasi kwapani bila kuniomba baraka. Maisha yako yote, hata ukiwa umenuna, hata ukiwa umelewa, hukuwahi kuvuka kizingiti changu bila kusema, "Baraka, Mama," nami nikakujibu, "Mungu akubariki," kama sisi tulivyoiomba kwa wazazi wetu na kujibiwa kule Loíza, Puerto Rico, kabla baridi ya New York haijatujua majina. Jana ukasema, "Mama, weka sahihi hapa." Nikajua una kitu kooni kilichoifungia baraka njia.

Basi nisikieni, wanangu, na asinikatize mtu, pumzi niliyobaki nayo ni ya kupimwa kwa kijiko.

Mimi Dominga Osorio shule niliiacha kabla haijanishika vizuri, nikaenda kufua nguo za watu, na kalamu naijua kwa kuiona tu. Lakini macho yangu hayana ila. Nyumba hii ya matofali, niliyoinunua na baba yenu Fermín wakati mtaa huu wa Bronx unaungua na wenye nyumba wanakimbia, ni yenu Migdalia na Eladio, sawa kwa sawa, na asiuze mmoja bila mwenzake. Yarelis ana chumba chake humu mpaka atakapokichoka mwenyewe. Chumba cha chini, kile cha ngoma, hakipangishwi hata kwa malaika. Kila Jumapili baada ya misa mlango uwe wazi, wali na mbaazi uwe jikoni, na atakayekuja kucheza aje, awe mweusi kama sisi au mweupe kama unga, ilimradi asalimie ngoma kabla hajainua mguu.

Sasa nifike kwenye makaratasi ya jana, ya kuwauzia watu wa televisheni maisha yangu.

Wale watu wa televisheni walipokuja hapa, yule kijana mwenye meno kama vigae vya bafuni alikula wali wangu, akaongezwa, akasema hajapata kuona familia yenye uhai kama yetu. Nikamwambia, "Baba, wafu hawapiki." Akacheka mno, mpaka nikamtilia shaka. Wanataka kuonyesha maisha yangu, bibi wa Bronx na chumba chake cha ngoma, na Migdalia alinisomea walichoandika huku nachambua mbaazi. Baba yenu, aliyetengeneza breki za treni za jiji hili mpaka vumbi likamjaa kifuani, humo wamemfanya muuza unga anayetoroka na hawara. Eladio, anayeendesha basi la shule na kuwafunga watoto wa watu mikanda kama mayai, humo yuko jela. Mimi nalia. Kila ukurasa nalia, nimeshika rozari. Mnanijua ninyi, mliniona nikilia lini mara ya mwisho? Nikamwambia Migdalia, "Huyo bibi anavuja, mwiteni fundi bomba."

Na nani atakuwa mimi wa ujanani? Yarelis alikwenda kujaribiwa. Mjukuu wangu huyu mwenye paji langu, mwenye pua niliyoirithi kwa mama yangu, alikwenda kuomba awe bibi yake, na yule mama anayechagua waigizaji akamtazama juu mpaka chini akamwambia, "Wewe ni mzuri sana, mpenzi, ila hufanani na Mlatino." Hafanani! Na mwaka jana, kwenye mchezo wa Wamarekani weusi, walimwambia jina lake na lafudhi yake vitawachanganya watazamaji. Huku ni mweusi mno, kule ni Mlatino mno, amekuwa popo, ndege wanamfukuza na wanyama wanamfukuza. Mwishowe wakampa nafasi ya msichana wa kufungua mlango, aseme "Karibuni," kisha apotee na trei. Mimi nitaigizwa na binti mweupe kama maziwa. Watampaka rangi kidogo, watamsokota nywele kidogo, jioni aoge alale. Rangi hii nimeikalia zaidi ya miaka themanini, nimeifulia sabuni ya kila aina, na haijatoka hata siku moja nikapumzika.

Nawe Eladio ukaniambia, "Mama, usiwe mkali. Angalau tutaonekana."

Kuonekana! Hata mwizi huonekana, akiburutwa sokoni.

Msidhani huu ni ukaidi wa uzee. Mwenye kovu usidhani kapoa. Yarelis, hili hulijui, na mama yako amelisahau au amejitia kulisahau, basi lishike. Kiangazi kimoja, Migdalia akiwa mdogo na Eladio angali tumboni, watu wa filamu walikuja mtaani kwetu na malori ya taa wakitafuta nyuso. Wakasikia ngoma zetu za mapipa, wakatuita tucheze barabarani. Tulivaa, wanangu! Nilipiga pasi sketi ile nyeupe yenye marinda mpaka ikasimama peke yake. Mzee Toribio akakalia ngoma ndogo, ile inayojibu. Ninyi mnaijua desturi, lakini nasema kwa ajili ya hiyo simu: kwetu mchezaji hafuati ngoma. Mchezaji huingia, huisalimia ngoma, kisha hutupa mguu, hutupa bega, hurusha sketi, na mpiga ngoma kazi yake ni kumtazama na kumjibu, kila kiungo kwa sauti yake. Na ngoma hainyamazi mpaka mchezaji ainame kuaga. Mababu zetu kwenye mashamba ya miwa hawakuwa na amri hata juu ya usingizi wao, lakini jioni ya mapumziko kulikuwa na kitu kimoja duniani kilichowatii.

Bwana mkubwa wa filamu, mwenye kofia ya majani, akasema kwa kipaza sauti, "Mwambieni yule dada afuate mdundo."

Nikamwambia, "Mdundo ndio unaonifuata mimi."

"Hapa anaongoza nani?"

"Anayecheza."

Akamgeukia Toribio, akadhani mwanamume mwenzake atamsaidia. Toribio akasema, "Bwana, hii mikono kwa sasa ni ya Dominga. Muulize mwenyewe kama anaiazimisha." Mtaa mzima ukacheka. Bwana akapiga kelele, "Simamisheni!" Taa zikazimwa, na mimi sikuwa nimeinama, basi Toribio akaendelea kupiga na mimi nikaendelea kucheza, na yule bwana akaendelea kupiga kelele, hata mbwa wakaingilia kati.

Tulipomaliza, tulipopenda sisi, akaniletea ufagio. Nifagie ngazi nyuma ya bibi mmoja wa Kizungu anayepita. Baba yenu wakampa kisu: "Kunja uso, uonekane hatari." Fermín akasema, "Nimkunjie nani uso, bwana, na nimetoka kula?" Akawarudishia kisu chao. Kikachukuliwa na Nando, jirani yetu, mwimbaji wa kanisani, mwanamume aliyeomba radhi hata akikanyaga kivuli chako, kwa kuwa mkewe alitaka kumwona kwenye sinema.

Filamu ilipotoka tulikwenda mtaa mzima tumevaa nguo za Pasaka. Nilijiona. Niliona pindo la sketi yangu, na mkono, na ufagio. Kisha Nando akatokea gizani na kisu, akamrukia yule bibi, akapigwa risasi, akafa kabla hajatamka neno. Watu kwenye ukumbi walipiga makofi. Na sisi pia tulipiga, Mungu atusamehe, tulikuwa tunamshangilia Nando.

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Migdalia alikuwa amezoea kubebwa na Nando mabegani tangu hajaota meno. Jumapili iliyofuata Nando alikuja chumba cha chini, akachutama, akanyoosha mikono kama siku zote, "Njoo malkia wangu." Mtoto akarudi nyuma, akajificha kwenye marinda yangu. Akaniuliza kwa sauti, mbele za watu, "Mama, ana kisu?" Nando alibaki amechutama pale, mikono hewani, anatabasamu kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake. Usilie, Migdalia, ulikuwa mtoto. Lakini fikirini: mtoto wangu alimjua yule mtu kwa harufu, kwa wimbo, kwa uzito wa mabega, na picha ya dakika mbili ikamshinda. Ikiwa ilimshinda mtoto aliyemjua, itamfanyaje polisi asiyemjua?

Na msije mkasema ni Wazungu tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Tamthilia za lugha yetu wenyewe, Kihispania, zilikuja na mwanamume aliyejipaka masizi, anazungusha macho, anaanguka kwenye masufuria, ndiye sisi huyo. Wengine wote humo, matajiri na wapenzi na madaktari, weupe kama waliozaliwa kwenye friji. Wifi yangu Iluminada, dada yake Fermín, alikuwa akicheka mpaka mkate unamtoka mdomoni. Huyu ndiye aliyemwambia kaka yake siku aliponileta nyumbani, "Ulishindwa kutafuta mweupe wa kutusafishia mbegu?" Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo na keki mkononi. Siku ile ya masizi nikamuuliza, "Wifi, unamcheka nani, nyumbani kwako hakuna kioo?" Hatukusemezana mpaka alipokufa, na hata sasa sina haraka ya kukutana naye.

Nipe maji, Yarelis. Kidogo. Basi.

Leo asubuhi, Eladio aliponidhania nimelala, mwanasheria Batista alikuja hapa. Migdalia ndiye aliyemfungulia. Mwenye kinyongo na awe nacho na mimi, na afanye haraka. Nimeweka alama yangu. Nikishafumba macho, jina langu, sura yangu na habari za maisha yangu ni vya Yarelis, yeye peke yake. Eladio, usinitolee macho, utayadondosha. Nyumba nimekupa nusu. Uso wangu sikupi hata robo, kwa kuwa umeshaanza kuutafutia mnunuzi.

Na wewe Yarelis usidhani nimekufunga. Sikusema tusionyeshwe. Mficha uchi hazai. Wala sitaki tufanywe malaika. Wahuni tulikuwa nao, mmoja kaka yangu wa tumbo moja, lakini hata mhuni wetu alikuwa na utani, na mama aliyempikia, na wimbo alioupenda. Akija mtu anayetaka kutusimulia, mketishe chumba cha chini. Aisalimie ngoma. Anyamaze, atazame mguu wetu unakwenda wapi, ndipo apige. Fermín abaki na grisi yake kwenye kucha zote. Na atakayekuwa mimi awe wewe, au msichana mwingine ambaye mvua ikimnyeshea atabaki alivyo. Wakikataa, hadithi yangu ife na mimi. Afadhali kaburi lisilo na jina kuliko lenye jina langu alalamo mwingine.

Sketi nyeupe ni yako pia. Imefifia weupe, usiitie dawa ya kung'arisha.

Migdalia, wewe utasimama kwenye nyumba ya maiti. Wasinipake poda yao. Iluminada walimlaza jenezani kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa la unga, na watu wakasema amependeza. Mimi nizikwe na weusi wangu wote, hata wa viwiko.

Eladio... sogea. Sauti inaniacha. Ngoma ndogo ya Toribio, aliyoniachia mimi, nakupa wewe. Ndiyo, wewe. Mdomo wako umenidanganya mara nyingi, mikono yako haijawahi. Umekuwa ukinijibu tangu una miaka saba, nikitingisha bega unalo, nikisita unasita. Kosa lako jana ni moja tu, mwanangu. Uliangalia watazamaji. Mpiga ngoma haangalii watazamaji.

Nenda ukailete. Nimesema ilete, majirani watanisamehe, wengi wao nimewapikia.

...

Iweke hapo, karibu na kitanda. Umesema nini? Sema usikike, hiyo simu inarekodi.

Ehee.

Mungu akubariki, Eladio. Mungu akubariki, Migdalia, na miguu yako. Yarelis, akubariki, akupe nafasi, na wakikunyima akupe ulimi. Mkiingia kwenye nyumba hii ombeni baraka hata kama mimi sipo. Kuta zitajibu. Nimezifundisha.

Sasa miguu haiko, nimebakiwa na mkono huu. Nauweka juu ya shuka. Eladio, usiangalie uso wangu. Angalia vidole. Nikiinua kimoja...

Ndiyo. Hivyo.

Tena. Polepole... kidole kidogo, umekiona? Umekiona.

Mbona unanyamaza? Nani kakuambia unyamaze? Kwa sababu nimefumba macho?

Piga, mwanangu. Sijainama bado.