Ndeshi Hakuwa Muuguzi

"Hivi, Mama Ndeshi, wauguzi wa siku hizi wanasomea zizini?"

Swali hilo liliulizwa mlangoni, mtaa wa Alief, hapa Houston, wiki ya Krismasi mwaka 2018. Aliyeuliza ni jirani, Bertila, ambaye wote tunamwita Mama Erick. Alikuja kuazima sufuria kubwa ya pilau. Akaziona buti nje ya mlango, zimejaa tope, na nyasi kavu zimeng'ang'ania kwenye soli. Akainama. Akanusa. Akacheka.

"Hili si tope tu, shoga. Mimi nimekulia na wanyama."

Mama Dorothea, ndiye huyo Mama Ndeshi, akazisogeza buti nyuma ya mlango kwa mguu. "Za bustani," akasema. "Ndeshi anajitolea kwenye bustani ya chuo." Kisha akamkabidhi mwenzake sufuria na mfuniko wake, aondoke upesi.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo ni Alhamisi, tarehe kumi na tisa Machi, mwaka 2020. Ndeshi anatimiza siku arobaini tangu atutoke. Ilikuwa tukutane kanisani, tusali, tule pamoja. Lakini mnajua hali ilivyo. Huu ugonjwa mpya umefunga milango, hakuna kukusanyika. Kwa hiyo arobaini ya Ndeshi tunaifanyia hapa redioni. Maneno mtakayosikia yametoka kwa mama yake, Dorothea, mjane wa marehemu Melkiori. Ameyasema kwa simu, siku mbili mfululizo, na ameomba tusimfichie chochote.

La kwanza ni sahihisho. Mwezi uliopita redio hii ilisoma tangazo la msiba. Tulisema Ndeshi alikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Si kweli. Ndeshi hakuwa mwanafunzi wa uuguzi. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, upande wa Fort Worth, akisomea ualimu wa kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu. Tunarudia, kwa waliochelewa kufungua redio. Ndeshi alisomea kuwa mwalimu wa farasi, kwa watu ambao miili yao haiwatii.

Sasa tumjue huyu binti.

Alizaliwa kijijini kwao Kilema, nyumbani Afrika, akaletwa Houston akiwa na miaka tisa. Mama yake alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, Stafford, na mpaka leo yupo hapo. Kazi ya kunyanyua watu. Kumtoa huyu kitandani, kumketisha yule kwenye kiti. Siku za Jumamosi Ndeshi alikuwa anakwenda naye, anakaa kwenye benchi na daftari lake. Siku moja, wakiwa garini wanarudi, mtoto akauliza, "Mama, wale wazee mnawanyanyua tu. Mbona hamwaulizi kama wanataka kujaribu wenyewe?"

"Nina wazee kumi na wawili na mikono miwili," mama akamjibu. "Funga mkanda."

Baba yake alifariki mwaka 2016. Aliomba jambo moja tu: mtoto awe muuguzi. Na mwaka 2017 Ndeshi aliingia chuo kusomea uuguzi. Hilo ni kweli. Alikaa miezi sita. Halafu, Machi 2018, akapiga simu.

"Mama, nime-drop nursing. Nimehamia programu nyingine."

"Ipi?"

"Ya farasi."

Mama Dorothea alikuwa anakatakata mchicha. Akaweka kisu chini. "Ndeshi. Sisi Kilema hatukuwa hata na punda. Leo unaniletea farasi?"

"Mama, sikiliza. Farasi akitembea, anatikisa nyonga za aliyempanda kama vile mtu anavyotembea kwa miguu yake. Mtu ambaye hajatembea miaka, mwili wake unakumbuka."

"Kwa hiyo wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ni mwalimu. Daktari ana kazi yake. Mimi namfundisha mtu kuendesha farasi, basi. Mengine mwili unajua wenyewe."

"Na watu niwaambie nini?"

"Waambie nafundisha, mama."

Hakuwaambia. Kanisani walipomuuliza alisema uuguzi. Dukani, uuguzi. Kwenye harusi, watoto wa wenzake wakitajwa mmoja mmoja, hospitali hii na hospitali ile, naye akasema uuguzi. Mama Dorothea anasema hivi, na tunamnukuu: "Uongo ukishauzaa, lazima uunyonyeshe. Mimi nimeunyonyesha miaka miwili."

Lakini Ndeshi hakuacha kumpigia. Kila Jumapili jioni alimsimulia mama yake masomo, na mama akasikiliza huku anapiga pasi. Walianza kwa kuzoa samadi. Halafu wakajifunza mifupa ya mtu na mifupa ya farasi. Wakajifunza kufunga tandiko lisimkwaruze mnyama. Wakajifunza kutembea ubavuni mwa aliyepanda, mkono juu ya paja lake, bila kumvuta. Mwisho wanafundisha wenyewe, masaa mengi, mwalimu wao amesimama kando na karatasi anaandika makosa.

"Kubwa ninalowaambia ni macho, mama," Ndeshi alisema Jumapili moja. "Macho mbele. Ukiangalia chini, ndiko unakoanguka."

Wasikilizaji wapendwa, tufike Novemba mwaka jana. Mama Dorothea alikuwa Grand Prairie, pamoja na Mama Erick, kwenye sherehe ya kumuaga mpwa wake anayeolewa. Ndeshi akamwomba, "Mama, Jumamosi asubuhi nafundisha mbele ya mwalimu wangu. Ni karibu na hapo. Njoo unione mara moja tu."

Mama akaenda. Alifika. Hilo Ndeshi hakulijua mpaka amekufa. Mama yake alifika.

Aliegesha gari kando ya uzio, hakuzima injini. Aliwaona. Mzee mmoja mnene, wa Kiafrika, alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka jukwaa la kupandia, akapandishwa juu ya farasi wa rangi ya kahawia. Mmoja akashika kamba mbele. Wawili wakasimama ubavuni. Na katikati ya uwanja, peke yake, amesimama Ndeshi na zile buti.

Farasi akaanza kutembea. Yule mzee akaanza kulalia kushoto. Bega la kushoto likashuka, likashuka tena. Mama Dorothea akashika kitasa cha mlango wa gari, maana mikono yake inajua kazi hiyo. Mtu akianguka hivyo, unamkumbatia. Lakini pale hakuna aliyemvuta. Ndeshi alisema neno, mama hakulisikia kwa sababu ya kioo. Mzee akainua kidevu. Halafu polepole, kama mtu anayenyanyua gunia, akajiweka sawa mwenyewe.

"Mimi ningemnyanyua," anasema Mama Dorothea. "Mwanangu alimngoja. Ndipo nikajua kwamba lile swali la kwenye gari, mtoto wangu hakuwa anauliza. Alikuwa ananifundisha."

Alitaka kushuka. Mguu mmoja ulikuwa umeshakanyaga changarawe. Simu ikaita, Mama Erick: "Shoga, uko wapi? Wali huku unakungoja wewe." Akaona atamwelezaje. Akarudisha mguu ndani, akaondoka.

Jioni akamwambia binti yake kwamba foleni ilimzuia.

"Sawa, mama," Ndeshi akasema. "Siku nyingine."

Siku nyingine haikuja. Jumamosi ya tarehe nane Februari mwaka huu, Ndeshi alikuwa anarudi nyumbani kwa barabara ya arobaini na tano. Mvua, lori, kona ya kutokea barabarani. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Polisi walileta vitu vyake kwenye mfuko wa nailoni: Biblia ndogo, chaja ya simu, na buti.

Wasifu wa marehemu aliuandika mama mwenyewe, usiku wa kuamkia maziko. Jina, haikuwa taabu. Kuzaliwa, haikuwa taabu. Alipofika kwenye elimu, kalamu ikasimama. Buti zilikuwa pale pale sakafuni. Akaandika: uuguzi. Na mzee wetu wa jumuiya, Gelasius, akausoma mbele ya jeneza kama alivyopewa.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mama Dorothea. Tunampa pole bibi yake Ndeshi, aliyeko Kilema, ambaye hakuweza kufika. Tunawapa pole wanafunzi wenzake na walimu wao. Tunampa pole pia Mama Erick. Yeye ameambiwa ukweli jana, kwa simu, kabla yenu. Akasema, "Shoga, mimi nilijua tangu zile buti. Ulifikiri mimi sijui mavi ya farasi?" Wakalia wote wawili, kila mtu nyumbani kwake.

Na sisi tujiulize. Nani kwetu amejifunza kazi ambayo tunaona haya kuitaja? Mtoto akikuambia "waambie", unawaambia nini? Mungu anaita watu kwa majina yao. Hawaiti kwa majina ya vyeti tulivyotamani sisi. Leo, kwenye sala ya jioni, mkimtaja Ndeshi, mtajeni kwa kazi yake. Mwalimu.

Mama Dorothea ameomba tumalizie na jambo moja. Anasema msipolisikia hili, sahihisho halijakamilika.

Siku ya maziko, baada ya makaburini, watu walirudi ukumbini kula. Akaingia mzee mmoja, mkewe nyuma yake. Mzee Bisimwa, Mkongomani, zamani alikuwa mfanyakazi wa ghala, Grand Prairie, kabla kiharusi hakijampiga. Mkewe, Clothilde, alikuwa ameendesha gari masaa manne na zaidi. Safari hii mzee hakuwa na kiti cha magurudumu. Alikuwa na fimbo. Akapita kati ya meza mpaka mbele ya mfiwa.

"Mama, pole sana," akasema. "Lakini iko makosa ku ile karatasi walisoma. Ule mutoto hakukuwa wa sindano. Alikuwa mwalimu yangu, ya farasi."

Mama Erick alikuwa kiti cha pili. Mama Dorothea akamtazama yule mzee, akaliona lile bega la kushoto, akamtambua.

"Umefananisha, baba," akasema. "Siye huyu."

"Petro alimkana Bwana kando ya moto," anasema leo Mama Dorothea. "Mimi nilimkana mwanangu na udongo wake haujakauka kwenye viatu vyangu."

Mzee Bisimwa aliitazama picha ya Ndeshi iliyokuwa mezani, kati ya mishumaa. Akamtazama mama. Clothilde akanyoosha mkono amshike, akakataa kwa kichwa. Akageuka. Akainua kidevu, macho mbele. Akaweka fimbo, akaweka mguu wa kulia, akauleta wa kushoto. Fimbo, kulia, kushoto, ukumbi mzima, hakuna aliyemshika, mpaka mlangoni. Akatoka.