Mama Germana na Ngome Iliyosalitiwa na Ng'ombe

Makomredi katika mapambano dhidi ya usahaulifu! Nyinyi mliopaka samadi kwenye paa kisha mkala ugali kwa mikono iliyonawa harakaharaka, nisikilizeni! Tarehe 30 Juni 2025, Mama Germana Tluway anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Makumbusho ya Ngome ya Ardhini, hapa Karatu.

Alipoajiriwa mwaka 1994, kazi yake ilikuwa kufagia. Ngome yenyewe, ile nyumba iliyochimbwa mteremkoni ambamo mababu wa Kiiraqw walijificha na mifugo yao wakati wa uvamizi wa Wamasai, ilizungushiwa kamba, na kibao kikamwamuru mgeni asiguse chochote. Mama Germana alikivumilia kibao hicho kwa miezi miwili, kisha akaifungua kamba na kukichochea kibao chini ya sufuria ya uji. Tangu hapo, kila Jumamosi, wazazi na watoto wao wamesaga mtama kwa jiwe, wamekanda udongo na kuingia shimoni kwa magoti.

Ndiye aliyemvua koti mkaguzi mmoja kutoka mkoani, akamzamisha mikono kwenye ndoo ya udongo na samadi, akimweleza kwamba historia haikaguliwi kutoka mlangoni. Mkaguzi alipaka hadi saa kumi jioni. Ripoti yake ilitufikia ikiwa na alama za vidole.

Lakini hakuna mapambano yasiyo na usaliti. Mwaka 2014, katika igizo la uvamizi, Ngoyai, mlinzi wetu wa lango, Mmasai mzaliwa wa Olbalbal, aliongoza wavamizi. Mama Germana akazificha familia sita na ng'ombe mmoja. Makubaliano yalikuwa wavamizi watafute, wakose, waondoke wameaibika. Bahati mbaya, ng'ombe yule alikuwa amenunuliwa mnadani kwa kaka yake Ngoyai. Ngoyai, kwa mazoea ya uchungaji, akapiga mluzi. Ng'ombe akatoka mbio, mlango wa fito shingoni, familia sita zikimfuata. Kwa wiki mbili Mama Germana alizungumza na Ngoyai kupitia mpishi.

Mwezi Machi mwaka huu ikaja barua ya uongozi: kwa kuwa hakuna mrithi wa Mama Germana, kamba itarudishwa Julai mosi. Kamba, makomredi! Sisi wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo tukaandika waraka wa kurasa tisa. Mama Germana akakisifu Kiswahili chake, kisha akauliza nani kati ya waliosaini anajua kukanda udongo. Mapinduzi yakainamisha kichwa.

Aliyenyoosha mkono ni Ngoyai. Mvamizi! Kwa majuma kumi amepaka paa la ngome, Mama Germana akibomoa, naye akapaka tena, huku wenzake wa Olbalbal, ambako kupaka nyumba ni kazi ya wanawake, wakisimama langoni kumuuliza ameolewa lini. Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha asubuhi nzima. Mama Germana akashuka ngomeni peke yake, akaketi, akangoja. Halikudondoka hata tone. Akatoka, akamkabidhi Ngoyai ndoo yake. Uongozi umeifuta barua.

Asante, Mama, kwa kutufundisha kuikumbuka jana kwa viganja. Uishi kwa afya, mahindi yako yajae ghalani, na paa lako lisivuje kamwe.

Makomredi, tukutane langoni Jumamosi, Julai 5, saa tatu asubuhi. Ngoyai ataongoza. Mama Germana atakuja kama mgeni, na hapa mgeni hakai mikono mitupu. Ng'ombe naye atakuwepo: safari hii tumemtoa Mbulu, mbali na mluzi wa Ngoyai.