Sahani za Jirani

Kwenye kivuko cha kurudi kisiwani, mama mmoja fundi cherehani alimwambia muuza vitunguu aliyeketi naye kwenye benchi la mbele yangu, ingawa hawakujuana: “Jirani yangu ni wa dini nyingine. Miaka kumi na minane, kila sikukuu yao huniletea sahani ya chakula. Kwa kinyaa tu, nilikuwa nawamwagia kuku. Sasa anahama. Anataka nimwambie kipi nilikipenda zaidi, anifundishe kukipika leo.”

Muuza vitunguu akasema, “Si utaje chochote, dada.”

“Hata sijui vilikuwa vya chumvi au vya sukari.”

“Basi kawaulize kuku.”

Nilicheka peke yangu, mzee mzima, nikajionea haya. Kivuko kilipogusa gati, mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale na mwiko mpya, akiuliza kwa mbali, “Shoga, umeshachagua?”